Mwanaisha wa Gari la Matangazo

Mimi ni dereva. Nimeendesha Landrova ya serikali katika milima ya Usambara kwa miaka ishirini na miwili, na sijaangusha gari bondeni hata mara moja, ingawa wapo waliokuwa wakiniombea. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba anayekusimulia ni mtu anayelijua gari lake, kila nati na kila mlio. Ndiyo maana habari ya Mwanaisha inaniuma mpaka leo. Ilifanyika kwenye gari langu, juu ya kichwa changu, kwa miezi mitano, na mimi nashika usukani tu kama gunia la viazi lililovaa kofia.

Mwanaisha binti Sheshe alizaliwa Vuga, kwa wakulima wa kabichi. Nyumba yao ilikuwa upande mmoja wa bonde, na shamba upande wa pili. Kwetu huku mtu akiwa ng'ambo humfuati, kwa sababu kushuka na kupanda ni nusu saa ya kutweta, unamwita. Wengi wetu hupiga kelele tu, maneno yakagonga mlima, yakarudi na kuvurugana na yale yanayofuata, mwishowe mtu wa ng'ambo anapunga mkono kuonyesha kwamba hakuambulia kitu. Mwanaisha tangu utoto alikuwa na namna yake. Anasema maneno machache, ananyamaza, anausubiri mlima umalize kuyarudisha, ndipo anasema mengine. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya juu. Haikuwa sauti ya kuimbia kaswida, lakini ilifika.

Mwaka 1971 nilikuwa nampeleka afisa wetu, Bwana Rubeni, kwenye mkutano. Alikuwa mgeni kutoka Tanga, mtu wa haraka, mwenye sauti nzito na kalamu tatu mfukoni. Tulikuwa tumesimama kupoza injini tuliposikia mwanamke akimwelekeza mama yake, aliyekuwa ng'ambo, mahali alipoweka majembe. Tulisikia kila neno. Bwana Rubeni akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mke wa Zahoro, fundi redio wa Lushoto mjini, amekuja kwao kusaidia kulima. Mwezi uliofuata Mwanaisha alikuwa ameketi kando yangu, ameshika maiki, na juu ya paa la Landrova pamefungwa spika yenye bomba kubwa la bati.

Ile kazi aliipenda, na sioni haya kusema kwamba aliiweza kuliko wanaume wote waliowahi kukalia kile kiti. Zama zile kila wiki kulikuwa na jambo: kisomo cha watu wazima, kuchimba vyoo, chanjo, mbegu, mikutano ya vijiji. Tulikuwa tunasimama kwenye kona ya barabara inayotazama bonde, nazima injini, yeye anatangaza. Maneno machache, kimya, maneno machache. Wakulima waliinua vichwa, wakasikiliza, wakarudi kwenye majembe yao. Hapakuwa na haja ya kurudia. Watoto wake wawili walikaa na bibi yao Vuga siku za safari, na kila tulipopita pale alishuka, akawabeba dakika kumi, akarudi garini na tope kwenye kanga.

Zahoro, mumewe, alikuwa fundi hodari. Hilo nalo nalisema, maana simwongezei mtu ubaya asio nao. Alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa redio zilizotumbuliwa, na spika yetu alikuwa akiitazama yeye kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine. Tena alikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku mkewe alipopata kazi, Zahoro alisimama kwenye mkutano wa chama akasema, "Mke wangu ni wa taifa kabla hajawa wangu." Mwenyekiti alipiga makofi peke yake mpaka watu wakafuata. Alitajwa mikutano mitatu mfululizo kama mfano wa mume wa Tanzania mpya. Alipokuwa akitajwa alitazama chini, kama bibi harusi.

Masika ya mwaka 1973 mvua iliponyesha wiki mbili bila kupumua, spika iliharibika kweli. Sauti ya kila mtu ikatoka inakwaruza, yangu, ya Bwana Rubeni, ya Mwanaisha. Zahoro akaishusha, akaifungua mbele yangu. Ukungu ulikuwa umeingia ndani, ule utando unaotetemeka ukavimba, na koili yake nyembamba ikawa inasugua sumaku. Aliianika juani siku mbili. Halafu akachomeka vipande vya karatasi kuizunguka koili ili ikae katikati sawasawa, akakaza, akavitoa kimoja kimoja kwa mkono usiotetemeka. Ilipendeza kumwangalia. Mwishoni akayeyusha nta ya nyuki aliyoletewa na jamaa zake wa Mnazi, akapaka kila kiungo na kila skrubu, hasa pale spika inapojisokota kwenye shingo ya bomba. Akagandamiza ile nta kwa dole gumba.

"Selemani," aliniambia, "asifungue mtu. Nta ikivunjika, ukungu unaingia, na mimi simo."

Hatukufungua. Nilimpigia hata Nathanieli, karani wetu, kelele siku alipotaka kuegemea lile bomba.

Kwa kweli spika ilikuwa safi kabisa kwa miezi kadhaa. Ila sokoni maneno yalikuwa yameshaanza. Wanaume wanaokunywa kahawa pale walimpa Zahoro jina, wakamwita Mume wa Spika. Akipita wanamwambia, "Mgoshi, mwanamume wee, mkeo katuamuru leo tuchimbe vyoo. Wewe cha kwako kimefika kina gani?" Au, "Akirudi nyumbani huwa unapata wapi swichi ya kumzimia?" Zahoro alikuwa akicheka. Na mimi nilikuwa kwenye lile benchi, na la swichi nililisema mimi, sikatai.

Siku hizohizo aliniomba kitu. Nilikuwa mvutaji, na kila pakiti ya sigara ina ile karatasi yake ya ndani inayong'aa kama fedha. Akasema nikimaliza pakiti nimwekee, huwa anaikunja kuzibia fyuzi zilizoungua, maana fyuzi mpya zilikuwa hazipatikani madukani. Mafundi wote walifanya hivyo. Nikawa nampelekea kila wiki.

Mwezi wa kumi na moja tulikuwa kwenye barabara ya Soni, Mwanaisha anatangaza darasa la kisomo. Neno la kwanza tu likatoka likivuma. Haikuwa kukwaruza kwa mara ile ya mvua. Ilikuwa mlio mwembamba unaong'ang'ania kila neno lake, kama watoto wanapopuliza kitana kilichofunikwa karatasi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa mdomo wangu: "Dada, inalia kama kitana chenye karatasi." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeushika ukweli wote mkononi nikautupa chini kama ganda la ndizi.

Tukaenda kwa Zahoro. Akabadilisha maiki. Akapima betri. Akafungua amplifaya chini ya kiti, akaisafisha kwa brashi. Akanituma nikwangue kutu pale waya wa arthi unapokutana na chasisi, nikakwangua mpaka bati likang'aa. Akapunguza sauti, na ule mlio ukapungua lakini haukuondoka. Nilimuuliza, mbona tusiifungue spika yenyewe? Akagonga ile nta kwa ukucha. "Nta hii hapa, ni nzima. Kilichofungwa hivi kinaharibikaje?" Nikaona ana akili.

Kisha akamwomba Bwana Rubeni ahesabu moja mpaka kumi kwenye maiki. Bwana Rubeni akahesabu kwa ile sauti yake ya pipa. Ikatoka safi. Nikahesabu mimi, safi. Nathanieli karani akahesabu, safi. Halafu Zahoro akampa maiki mkewe, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mgonjwa kikombe.

"Hesabu na wewe, Mama Hamisi."

Moja, mbili, tatu, na kila tarakimu ikatoka na ule mlio. Sote tuliokuwa pale tulimtazama shingoni. Alishusha maiki, akajishika koo kwa mkono mwingine. Tangu dakika ile Mwanaisha aliamini kwamba ni mgonjwa, na sisi wengine tulimsaidia kuamini.

Aliacha pilipili. Aliacha kuongea siku za mapumziko, akawa anawaashiria watoto wake kwa mikono mpaka yule mdogo akalia akidhani mama amekasirika. Mama yake alimletea majani ya kutafuna, machungu kuliko kwinini. Nilimpeleka Bumbuli hospitali siku ambayo gari lilikuwa na safari ya huko. Daktari akamulika tochi, akamwambia koo lake ni zima kama la mtoto. Badala ya kufurahi alirudi garini ameinama. Kama koo ni zima, alisema, basi sauti yenyewe ndiyo imeharibika, na hiyo haina dawa. Akaanza kuongea kwa sauti ya chini, ya kujikaza kama mwanamume. Mlio ulipungua kidogo, lakini maneno hayakufika ng'ambo, na wachumaji wa chai wakawa wanamuigiza.

Na Zahoro je? Zahoro alikuwa mume mwema kupita kiasi. Kila jioni nilipomrudisha nyumbani, nilikuta birika juu ya jiko barazani, tangawizi inachemka, asali pembeni. Anampokea mkoba. Anamwambia, "Pole, Mama Hamisi. Kunywa ingali ya moto." Mara nyingine alinipa na mimi kikombe. Nilikwenda kwangu nikimwambia mke wangu kwamba laiti wanaume wote tungekuwa kama Zahoro. Mke wangu akaniangalia tu.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, jambo likawa kubwa. Tulikwenda Mnazi, kule bondeni kwenye joto, kutangaza siku ya chanjo ya watoto. Akinamama hawakuambulia tarehe. Walikuja siku moja baadaye, wamebeba watoto mgongoni kutoka mbali, wakakuta wauguzi wameshaondoka. Barua ikaandikwa kutoka juu. Bwana Rubeni akaisoma akiwa amesimama, akaamua: Ijumaa ya wiki inayofuata, kwenye uwanja wa ofisi unaotazama bonde, watajaribiwa wawili, Mwanaisha na Nathanieli karani. Atakayesikika vizuri ndiye atakayeshika maiki. Akamtaka fundi aandike kwanza maelezo yake kuhusu chombo.

Zahoro akaandika. Bwana Rubeni alimsomea Mwanaisha ile karatasi ofisini: spika ni zima, amplifaya ni zima, kasoro iko kwa msemaji. Na sahihi.

Mwanaisha alipotoka nilikuwa nangoja nje. Nilidhani atalia au atatukana. Akaketi kwenye kiti chake, akaniambia, "Unajua, kaka Selemani, ni mtu wa haki. Angeweza kuidanganya serikali kwa ajili ya mkewe. Hakudanganya." Alikuwa anajivunia mumewe. Alikuwa amebakiza siku nane kwenye kazi pekee aliyowahi kuipenda, na anajivunia mtu aliyeandika ile karatasi.

Jumatano kabla ya ule mtihani tulirudishwa Mnazi kuwaita wale akinamama tena. Safari hii tulikuwa na muuguzi, Rahabu, msichana wa Bumbuli, mcheshi, ambaye hakuwahi kupanda gari la matangazo. Mwanaisha alikataa kutangaza. Alisema hatawapotezea akinamama siku nyingine. Nikashika maiki mimi, nikasema tarehe na mahali, nikasikika vizuri na nikajiona afisa. Rahabu akacheka, akaomba na yeye awasalimie.

"Onga mshi, akinamama," akawasalimu kwa Kisambaa.

Spika ikalia. Mlio uleule, kitana kilekile chenye karatasi.

Rahabu akarudisha maiki haraka akidhani ameiharibu. Nami nikaanza kumtuliza, kumbe Mwanaisha ameshashuka. Alisimama chini ya jua akitazama juu kwenye paa. Akaja dirishani kwangu.

"Mwambie aseme tena."

Rahabu akasema tena, ikalia tena.

"Kaka Selemani," Mwanaisha akasema, "huyu binti naye sauti yake imeharibika? Sote wawili?"

Tulikuwa tumejaribu wanaume watatu na mwanamke mmoja, tukaita huo ushahidi. Hakuna aliyewahi kufikiri kumpa maiki mwanamke wa pili. Ofisi nzima, watu wenye kalamu, na hakuna.

Akaniomba bisibisi. Nikamkumbusha nta, na kwamba mumewe alikataza. Akasema, "Nipe." Akapanda kwenye bampa, kisha kwenye boneti, kitu nisichomruhusu mtu yeyote, akafika juu. Nikamfuata. Niliikagua ile nta kwa macho yangu kabla hajaigusa. Ilikuwa nzima pande zote, na alama ya dole gumba la Zahoro ikionekana. Joto la Mnazi lilikuwa limeilainisha, ikatoka kama siagi. Akaishika spika kwa mikono miwili, akaisokota, ikaachia kutoka kwenye shingo ya bomba.

Pale shingoni palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Haikuwa imedondoka kwa bahati. Ilikatwa kwa mkasi, nyembamba kama ulimi, na upande mmoja umegandishwa kwa nta ileile ya nyuki. Upande wa pili ulikuwa huru. Mwanaisha aliupulizia kwa mdomo, taratibu, haukufanya kitu. Kisha akautolea sauti yake, ile ya juu, ya kweli, ukatetemeka na kulia; ulikuwa ukiitikia sauti za juu tu.

Nilikaa chini juu ya paa la moto. Nilijua ni sigara yangu. Nilijua Zahoro alikuwa ameiondoa nta yake ya kwanza akapaka nyingine, kwa sababu hakuna mwingine mjini aliyefunga kitu kwa nta, na hakuna mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa ile spika. Mwanaisha alijua hayo yote bila kuambiwa. Nilimwona akiyajua, moja baada ya jingine. Uso wake haukubadilika sana. Alinyanyua ile karatasi kwa ukucha, akaifunga kwenye pindo la kanga, akairudishia spika mahali pake na kuikaza.

"Nta ya kuzibia unayo?" akaniuliza.

Sikuwa nayo. Nikampa grisi, akapaka grisi.

Kisha akashuka, akachukua maiki, akawaita akinamama wa Mnazi. Maneno machache, kimya, maneno machache. Ilikuwa safi kama maji. Watu walitoka hadi kwenye vibanda ambavyo sikujua kama vina watu. Rahabu akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni vumbi, na nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu.

Njiani tukipanda nilimwambia Mwanaisha twende moja kwa moja kwa Bwana Rubeni. Akakataa. Akasema, "Unajua wataiita nini." Nilijua. Kuharibu chombo cha serikali kwa makusudi, tena balozi, tena mwaka ule ambao njaa ilikuwa imeanza kubisha hodi na kila kosa linaitwa hujuma. Angefungwa, na watoto wangekua wakiambiwa baba yao ni mhujumu. Akatuapisha mimi na Rahabu tunyamaze mpaka yeye aseme. Nilipomfikisha kwake, birika lilikuwa juu ya jiko. Baadaye aliniambia kwamba aliinywa ile tangawizi yote, kikombe kizima, akimtazama mumewe machoni, akingoja aseme. Akamngoja Jumatano, akamngoja Alhamisi. Zahoro alimwambia tu, "Pole. Ijumaa Mungu atasaidia."

Ijumaa uwanja ulijaa. Nathanieli akaanza. Sauti yake ilitoka nzito na safi, lakini alisoma tangazo lake mfululizo, mlima ukamrudishia sentensi ya kwanza juu ya ya tatu, na ng'ambo pale wakulima wakapunga mikono kwamba hawajaelewa. Ndipo akaja Mwanaisha. Zahoro alikuwa amesimama mstari wa mbele na mabalozi wenzake, mikono nyuma, uso wa huzuni ameshauandaa.

"Mama uliye ng'ambo," Mwanaisha akasema. Akanyamaza. Mlima ukamaliza. "Uliyevaa kanga nyekundu." Kimya. "Ukinisikia, inua jembe."

Ng'ambo ya bonde, mbali mpaka mtu anaonekana kama punje, jembe liliinuka.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi sikuwa nawaangalia. Nilikuwa namwangalia Zahoro, nikaona ule uso wa huzuni ukimwanguka na pasiwe na mwingine wa kuvaa.

Bwana Rubeni akaja akisugua mikono. Kazi ni ya Mwanaisha, alisema, hakuna mjadala. Lakini kasoro ilikuwa nini? Akaitoa ile karatasi ya fundi mfukoni. "Hapa Bwana Zahoro umeandika iko kwa msemaji."

Mwanaisha alikuwa na ile karatasi ya sigara kwenye pindo la kanga, kiasi cha shibiri moja kutoka mkononi mwake. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari.

"Ulikuwa ukungu, bwana afisa," akasema. "Uliingia ndani. Nimeukausha."

Bwana Rubeni akamgeukia Zahoro kwa utani. Zahoro akasema, "Binadamu hukosea." Na watu wakamcheka kidogo, wakampiga mgongoni, wakaondoka kwenda kula. Kumcheka kidogo tu, basi, hayo ndiyo malipo yake yote. Nilitamani nimgonge na gari.

Tulibaki watatu. Mwanaisha alikuwa anakunja waya wa maiki kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko. Zahoro akasogea.

"Mama Hamisi," akasema, "Mungu akulipe. Umenisitiri. Wangenifunga."

"Wangekufunga."

"Walikuwa wananiita Mume wa Spika. Kila siku, pale sokoni. Huyu hapa mmojawapo." Akaninyooshea kidole, na sikuweza kumbishia. "Na nilishasimama mbele ya chama nikasema wewe ni wa taifa. Ningesimamaje tena kukukataza? Ningeitwa mpinzani. Nikaona, wakikuachisha wao, hakuna atakayekuwa amekosana na mwenziwe. Wewe ungerudi nyumbani, na mimi ningekupa pole."

"Ulinipa," Mwanaisha akasema. "Miezi mitano ulinipa pole. Watoto wangu nimewanyima sauti yangu, na wewe unachochea moto chini ya birika."

Zahoro akasema hakudhani ataumia kiasi kile. Akasema alitaka kuitoa mara mbili, akaogopa kuonekana. Akasema mengi, na yote yalikuwa ya kweli, nadhani, na hakuna hata moja lililosaidia.

"Zahoro," akasema.

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina lake. Na yeye hakuwahi kusikia pia, maana alirudi hatua moja nyuma.

"Ungeniambia niache kazi, ningeacha. Siku ileile. Ningemrudishia afisa maiki yake, nikarudi kulima kabichi, na wala nisingekuuliza sababu. Ulikuwa mume wangu. Ilikuwa ni kuniambia tu."

Akaweka maiki mahali pake, akapanda mbele, akafunga mlango. Zahoro alibaki ameshika dirisha mpaka nilipomwomba aondoe mkono.

"Kaka Selemani," Mwanaisha akasema, "nipeleke Vuga kwa mama."

Nikawasha gari.